Neno la Maji

Siku yangu ya kwanza kazini niliambiwa nikae chini. Nilikuwa nimevaa rinda langu la kanisani, lile la maua ya bluu, kwa sababu nilidhani kazi ya kuandikwa huanzia ofisini, kwenye kiti. Badala yake niliingizwa katika banda refu la mabati kando ya shamba la maua, upande wa Kamere, mahali ambapo ukisimama mlangoni unaliona Ziwa Naivasha likimeta nyuma ya migunga. Ndani walikuwa watoto wa wafanyakazi. Wengine walilia, wengine walitambaa, na mmoja alikuwa akitafuna kiatu cha mwenzake kwa utulivu mkubwa. Msimamizi wa banda, mama mnene mwenye sauti ya chini tuliyemwita Matroni, alinitazama kutoka kichwani hadi miguuni.

"Wewe ndiye Nyambura?"

"Ndiyo, Matroni."

"Mbona umesimama kama askari wa geti? Keti."

Nikatafuta kiti kwa macho.

"Chini, mama. Hapo sakafuni. Hawa wateja wako wanaishi chini. Ukiwaongelesha kutoka huko juu wanaona mashimo ya pua tu."

Nikaketi. Kabla ya saa ya chai rinda langu lilikuwa na uji mapajani na makamasi mabegani, na mtoto nisiyemjua alikuwa amelala juu ya mguu wangu, mguu umekufa ganzi na mimi naogopa kuusogeza. Matroni alipita akaniangalia, akasema, "Sasa umeandikwa," akaenda zake.

Nawaandikia ninyi mnaoanza kazi hii leo, wengi wenu katika nyumba zenu wenyewe, kwa sababu mara nyingi mnaniuliza nilijifunzia wapi. Siku hizi kuna mafunzo, na ninafurahi kwamba yapo. Wakati wetu mtu alifundishwa na mtu. Mimi nilifundishwa na Matroni, kisha na Madam mmoja wa Gilgil, kisha na mtoto wa mwaka mmoja na nusu aliyeitwa Chebet. Huyo wa tatu ndiye nusura anifungie kazi wiki ile ile niliyoifungua, na ndiye aliyenifundisha jambo ambalo wale wawili hawakuwahi kulitaja. Lakini niende polepole.

Banda lile tuliliita krechi. Shamba liliwawekea wafanyakazi mahali pa kuacha watoto wachanga ili mama zao wakakate maua wakiwa na mikono miwili. Walitoka nyumbani giza halijaisha, wakatukabidhi watoto wakiwa bado na joto la kitanda. Kukabidhiwa mtoto, kwa Matroni, hakukuwa kumpokea tu. Ulimpokea kwa mikono yote miwili, ukamtazama mbele ya mama yake kuanzia utosini hadi nyayoni, na kama kulikuwa na mkwaruzo au joto mlilisema papo hapo, nyote wawili. Hivyo jioni hakuna aliyemlaumu mwenzake. Hadi leo ukinipa mtoto, hata awe mjukuu wangu, mikono yangu huanza kumkagua kabla sijamsalimu.

Nepi zilikuwa za kitambaa. Ulikunja pembetatu, ukapitisha ncha moja katikati ya miguu, ukafunga kwa pini kubwa. Siri ya pini ni kwamba kidole chako kinakaa ndani, kati ya pini na ngozi ya mtoto. Pini ikiteleza, ikuchome wewe. Wiki za kwanza vidole vyangu vilikuwa na matundu kama chujio, na Matroni alipoviona alifurahi kabisa. "Vizuri," akasema. "Vya kwako ndivyo vinavyotakiwa viwe hivyo." Alinifundisha pia kumcheulisha mtoto, yaani kumweka begani baada ya kunyonya na kumpapasa mgongo mpaka hewa imtoke, na kutofautisha kilio cha njaa na kilio cha usingizi. Cha njaa kina mwanzo mkali na hukatika kwa vipande. Cha usingizi ni kirefu, kina malalamiko ndani yake, kama mtu anayezungumza na serikali.

Na alikuwa na sheria ya uji. Mtoto hapewi maji kabla ya uji. "Maji yanadanganya tumbo," alisema. "Akishajaza maji, uji unabaki kwa kikombe na mtoto anabaki na mifupa." Krechi yetu ilikuwa na watoto wengi na uji wa kupimwa, na sheria ile ilikuwa na maana yake pale. Niliishika kama amri ya kanisani. Ikumbukeni, maana tutakutana nayo tena.

Baadaye Meneja wa shamba alikuja na kofia yake mkononi akatuambia krechi inafungwa, banda linahitajika kwa kupakia maua. Matroni alinunua mbuzi wa kuwaaga watoto, ambao wengi wao hawakuwa na meno, kwa hiyo tulimla sisi. Akarudi kwao, nami nikapata kazi Gilgil, nyumbani kwa ofisa wa jeshi. Huko niliitwa yaya. Mama mwenye nyumba tulimwita Madam Meja, kwa cheo cha mumewe, na nyumba yake ilienda kama kambi. Kula kulikuwa na saa yake, na kuoga na kulala vivyo hivyo. Walikuwa na mapacha. Mwanzoni nilimwona Madam mgumu. Nilikuwa nimezoea kumlaza mtoto anapoonyesha usingizi, basi. Siku moja mapacha walikuwa wanacheza vizuri na nikawaacha wapitishe saa ya kulala, na jioni yake nyumba nzima ilikuwa kilio.

"Nyambura," Madam aliniambia, akiwa amembeba mmoja na mimi mwingine, wote wanne tumechoka, "mtoto hajui kusoma saa. Wewe ndiye saa yake."

Nililichukua neno hilo nikaondoka nalo. Mtoto anayejua kinachofuata haogopi. Baada ya uji ni jua, baada ya jua ni kuoga, baada ya kuoga ni wimbo na usingizi. Hana haja ya kujua dakika. Ana haja ya kujua mpangilio.

Ofisa alihamishwa, familia ikahama naye, nami nikaja Nakuru na binti yangu Ciku aliyekuwa shule ya msingi. Tulipanga chumba Kaptembwo, katika ploti ya vyumba vya mabati vilivyotazamana, uwanja katikati na mfereji mmoja wa maji. Asubuhi niliona mama wa ploti wakitoka kwenda viwandani na sokoni. Mmoja aliacha mtoto kwa dada yake wa darasa la tatu, ambaye siku hiyo hakwenda shule. Mwingine alimbeba mtoto hadi soko la mboga na kumlaza chini ya meza. Nikajiambia, mimi nimefanya kazi hii kwa shamba, nikaifanya kwa Madam. Nitaifanya kwa nyumba yangu.

Nikaenda kwa Mwenye Ploti, mzee aliyependa kukaa nje ya chumba chake akisikiliza redio.

"Mama Ciku, hii nyumba nilikupatia ya kulala. Si ya shule."

"Si shule, mzee. Ni watoto kukaa tu."

"Kukaa tu? Watoto huwa wanakaa tu wapi? Hebu nionyeshe, na mimi nipeleke wangu."

Alicheka. "Jaribu. Lakini wapangaji wakinilalamikia kelele, unafunga siku hiyo hiyo. Sitaki maneno."

Mtoto wa kwanza aliyeletwa ndiye Chebet. Mama yake alikuwa msichana mwembamba kutoka Kuresoi, huko juu kwenye viazi na ukungu, aliyepata kazi ya majaribio katika kinu cha unga. Majaribio maana yake hujaandikwa bado. Ukichelewa au ukiomba ruhusa, kuna mwingine amesimama getini. Alinikabidhi mtoto Jumatatu asubuhi, tukamkagua wote wawili kama Matroni alivyonifunza, akaniambia anakula vizuri, hana shida, kisha akatoka karibu akikimbia. Alikuwa akiniongelesha Kiswahili. Sikufikiri kumuuliza yeye na mtoto huzungumza nini.

Kuna kipindi ambacho kila mtoto mgeni hupitia. Tulikiita siku za kuzoea. Mtoto analia, anakataa, anatazama mlango. Hilo halikunitisha. Lakini Chebet hakulia kama mtoto anayetazama mlango. Alikuja kwangu, akanishika rinda, akaniangalia usoni na kusema wazi kabisa, "Bek."

Mimi nilisikia beba. Mtoto wa umri huo hamalizi maneno, na beba ndilo neno la kwanza la watoto wengi niliowajua. Nikafurahi kwamba amenizoea upesi. Nikachukua shuka, nikamfunga mgongoni.

"Bek," akasema, akinipiga kwa ngumi kati ya mabega.

"Si nimekubeba, mama? Haya, twende tuone kuku."

"Bek! Bek!"

Nikamzungusha uwanja wote. Nikamwonyesha kuku, nguo kwenye kamba, redio ya Mwenye Ploti. Ulikuwa msimu wa jua, ule ambao vumbi la Nakuru huingia hata ndani ya sufuria iliyofunikwa, na chumba cha mabati kilikuwa kama jiko. Nikampa uji, akageuza uso. Sikumpa maji, maana uji ulikuwa haujanywewa. Nikasubiri, nikaupasha, nikampa tena, akapiga kikombe kikaanguka. Akarudi kunishika rinda. "Bek." Nami nikambeba tena.

Siku ya pili ilikuwa hivyo hivyo. Mama Brayo, jirani wa mlango wa pili, alikuwa akifua karibu na mfereji. Alinitazama nikipita mara ngapi sijui.

"Mama Ciku, huyo mtoto unamlea ama unamzaa upya? Tangu asubuhi hajashuka."

"Anapenda kubebwa."

"Anapenda na analia hivyo? Kama hivyo ndivyo anavyopenda, siku atachukia tutahama ploti."

Wanawake wengine wakacheka. Nilicheka nao, lakini nilijua wanapima. Wawili kati yao walikuwa wameahidi kuniletea watoto wakiona mambo yanakwenda vizuri, na kutoka kwenye kiti chake Mwenye Ploti alikuwa ameongeza sauti ya redio.

Jioni mama yake alipomchukua nilimweleza kwamba hajala. Akasema jambo ambalo ningelisikiliza kwa makini lingeniokoa. Alisema, "Akifika nyumbani anakunywa maji kama mtu ametoka jangwani, halafu anakula vizuri." Nikafikiri, watoto wa milimani hawajazoea joto letu. Nikamwambia avumilie.

Jumatano jioni hakuwa na uvumilivu uliobaki. Midomo ya Chebet ilikuwa imekauka na macho yake yalikuwa yameingia ndani kidogo. Mama yake alimpapasa midomo kwa kidole gumba bila kuniangalia.

"Mama Ciku, usikasirike. Nimetuma neno kwa mamangu Kuresoi, kupitia dereva wa lori la viazi. Atakuja Ijumaa amchukue."

"Umrudishe Kuresoi?"

"Nitafanya nini? Nikiacha kazi, hatuna pa kuanzia. Nikimwacha hapa, anakauka. Akienda kwa gogo atakula. Lakini mimi nitamwona Krismasi." Alikuwa akikaza fundo la shuka kifuani, analikaza na kulikaza. "Na huyu hajui Krismasi ni nini. Atajua tu kwamba nimepotea."

Gogo kwa Kikalenjin ni nyanya. Usiku ule nililala nikifikiria mama huyu kijana na mtoto wake waliokuwa wakitenganishwa chini ya paa langu, bila ugomvi wala kosa ambalo mtu angeweza kulitaja. Na ndiye mtoto wa kwanza kuletwa kwangu. Kama ningeshindwa kumtunza, ni nani angeniletea wa pili? Alhamisi nilijaribu maziwa, ndizi, wimbo wa mapacha wa Gilgil. Maziwa alinywa kidogo. Kila nilipomweka chini alirudi kunishika rinda, na sauti yake sasa ilikuwa imepungua.

Ijumaa asubuhi aliingia kwenye ploti yule mama aliyekuwa akituuzia viazi kwa mkokoteni, tuliyemwita Mama Waru, waru ni viazi. Alikuwa mtu wa kutoka upande wa Molo, mcheshi, mwenye sauti ya kuamsha mtaa. Nilitoka na beseni, Chebet mgongoni.

"Bek," akasema Chebet, polepole, shavu lake likiwa limelala begani mwangu.

Mama Waru akaacha kupima viazi. "Mathe, mbona unanyima mtoto maji?"

"Nani amemnyima maji? Anataka kubebwa."

"Kubebwa?"

"Si unamsikia? Beba, beba. Tangu Jumatatu ni beba."

Mama Waru alinitazama, akamtazama mtoto, akaketi juu ya gunia lake mwenyewe. "Woi! Mathe! Bek ni maji! Kwetu Kalenjin maji ni bek! Umebeba mtoto wiki mzima akiomba maji?"

Halafu Mama Brayo, na mikono yake imejaa sabuni, akasema, "Kumbe alikuwa anaongea vizuri. Ni sisi tulikuwa hatujasoma." Hapo wote wakaangua kicheko, lakini mimi nilikuwa tayari ndani na kikombe. Nilikaa chini, sakafuni, nikamshusha mbele yangu.

"Bek?" nikamwambia.

Sijawahi kuusahau uso ule. Alinitazama kama mtu aliyeishi miaka ughaibuni na ghafla akamsikia mtu wa kwao. Akashika kikombe kwa mikono miwili, juu ya mikono yangu, akanywa bila kupumua. Nikamzuia apumzike, kama inavyopasa, maana mtoto mwenye kiu kubwa hupewa kidogo kidogo asije akatapika. Akanywa tena. Akakaa kitambo, akacheua, kisha akaelekeza kidole kwenye bakuli la uji. Aliumaliza uji. Akalala palepale, juu ya mguu wangu, na mguu ukafa ganzi, na sikuusogeza.

Mchana Gogo akafika, kabla mama Chebet hajatoka kazini. Alikuwa mama mrefu, mwenye sweta la kijani na gumboti za tope la Kuresoi, amebeba gunia la viazi begani kana kwamba ni mkoba. Kiswahili chake kilikuwa kidogo na cha moja kwa moja.

"Mimi nimekuja kuchukua mtoto."

"Karibu, gogo. Kaa."

Chebet alipomwona alicheka akakimbilia mapajani mwake. Nilianza kukunja nepi zake na kuziweka kwenye mfuko, maana mtoto akiwa mapajani mwa nyanya yake wewe mlezi wa siku tano una neno gani? Gogo alikuwa akimpapasa miguu na mbavu, akimkagua kama Matroni. Alikuwa anatafuta mifupa.

Halafu Chebet akageuka. Alikuwa mapajani mwa Gogo, amezungukwa na harufu ya kwao, lakini alinyoosha mkono kunielekea mimi.

"Bek."

Niliacha nepi, nikachota maji kwenye mtungi, nikampa. Akanywa, akanirudishia kikombe, akaendelea kucheza na vifungo vya sweta.

Gogo alitutazama. "Wewe ni Kalenjin?"

"Hapana, gogo. Mimi ni Mkikuyu wa Njoro."

"Nani amekufunza?"

Nikamwonyesha Chebet kwa kidole.

Alicheka kwa kifua, polepole, kicheko kilichomtikisa yeye na mtoto juu yake. Alivua gumboti, akaziweka mlangoni, akakaa nasi mchana wote. Aliona nikimlisha, nikimwogesha, nikimwimbia. Mama Chebet alipofika, vumbi la unga bado kwenye nyusi, aliingia akiangalia mfuko wa nepi kwanza. Nilimweleza mambo yote, kwamba mtoto aliomba maji nami nikambeba. Akaweka mkono mdomoni. Nilitegemea hasira, na ilikuwa haki yake.

"Si mimi ndiye sikukuambia," akasema. "Hata sikufikiri ni kitu cha kuambia mtu. Ni maji tu."

Gogo akasema maneno kwa lugha yao, akivaa gumboti. Mama Chebet akaanza kucheka na kulia pamoja.

"Anasema nini?"

"Anasema viazi anaacha, mtoto anaacha, yeye anarudi na gunia tupu. Anasema Krismasi mimi ndiye niende kwake, na mtoto nimbebe mwenyewe."

Mama Chebet aliandikwa kinuni. Jumatatu iliyofuata Mama Brayo aliniletea wake. "Huyu anaongea Kiswahili," akaniambia mbele ya watu, "lakini kama atasema kitu huelewi, uliza Mama Waru." Mwenye Ploti akapunguza redio.

Tangu siku ile sikuwahi kumpokea mtoto bila kumuuliza mama maneno matatu, na hili ndilo ninalotaka mlichukue hata mkisahau mengine yote. Neno la maji. Neno la choo. Na neno mnalomwambia akiumia. Ploti zetu za Nakuru zina watu wa kila pembe, na mtoto chini ya miaka miwili hana Kiswahili, ana lugha ya mapaja ya mama yake. Maji ni pi kwa Mjaluo. Jirani aliyenishikia zamu siku niliyokuwa nikiumwa alimkalisha mtoto mmoja kwenye poti asubuhi nzima, kwa sababu mabosi wake wa zamani, waliozungumza Kiingereza, walisema pii kwa mkojo. Mtoto alikaa tu, mvumilivu, akisema pi, na yule jirani akimtia moyo, "Haya, toa basi!" Kwa Mkisii maji ni amache. Kwa Mturkana ni ngakipi, neno lililonitoa jasho kulisema sawa.

Neno la tatu ndilo gumu kulipata. Mama huona aibu, maana ni neno la chumbani, la yeye na mtoto tu. Mwacheni acheke kwanza, kisha atalisema. Kuna baba mmoja, utingo wa lori, aliyeleta mtoto wake mwenyewe kwa sababu mama alikuwa amelazwa. Nikamuuliza, akiumia unamwambia nini? Akakuna kichwa. "Aki mathe, mimi humwambia tu twende gereji." Nikalichukua kama lilivyo. Mtoto huyo akianguka nilimwinua nikamnong'oneza, twende gereji, na machozi yanakatika hapo hapo. Wenzake walifikiri gereji ni mahali pazuri sana.

Kazi ilikua. Tulipata chumba cha pili. Afisa wa Afya alianza kupita, kijana mpole mwenye viatu vilivyong'aa ambavyo alivivua mlangoni bila kuambiwa. Nilimwogopa bure. Alinieleza kwa nini jiko la makaa halifai kuwa chumba kimoja na watoto wanaolala, hata mlango ukiwa wazi, nami nikalitoa nje siku hiyo. Alinifundisha kumlaza mtoto mchanga chali, na kuwapa watoto maji mara kwa mara siku za jua, uji uwepo au usiwepo. Nilimwambia kuhusu sheria ya Matroni. Alitabasamu. "Sheria ilikuwa ya uji mchache, Shosho. Wewe sasa uko na uji." Ndiyo mara ya kwanza mtu mzima kuniita Shosho, yaani nyanya, nikajua miaka imekwenda.

Huwa naikumbuka saa moja kuliko zote. Ni ile ya baada ya kuoga, kabla ya usingizi, jua likiwa limeingia mlangoni hadi nusu ya mkeka. Watoto wana mafuta usoni, wanang'aa, na hakuna anayelia. Nje mtu anafua na mtu anakaanga vitunguu. Ukikaa chini pamoja nao saa hiyo unaona dunia kutoka urefu wao, ambako kila kitu ni magoti na miguu ya viti. Ni dunia nzuri. Ningeweza kuirudia kesho, kama si magoti yangu mwenyewe.

Maana hayo ndiyo yaliyonistaafisha. Sikuandikiwa barua wala kuchinjiwa mbuzi. Mchana mmoja niliketi mkekani kama kawaida, na nilipotaka kuinuka, magoti yakakataa. Mama Shanice, kijana aliyekuwa akinisaidia na ambaye sasa ndiye mwenye kazi hiyo, alikuwa nje akianika nguo. Nilijaribu tena nikashindwa, nikarudi chini nikihema. Watoto wakanitazama. Hawakuwa wamewahi kuona mtu mkubwa akishindwa kusimama.

Nekesa alikuwa na miaka miwili, mtoto wa Kiluhya, mwenye mashavu na maneno machache. Aliinuka, akaenda kwenye meza ndogo ya vikombe, akachukua kimoja kwa mikono miwili. Alikuja akimwaga njia nzima, akasimama mbele yangu, uso wake sawa na wangu kwa kuwa nilikuwa chini.

"Maaĩ," akaniambia.

Hilo ni neno letu la maji, la Kikuyu. Kwa Nekesa si hilo. Mama zao wote niliwauliza neno lao la maji, na sikumbuki mtu aliyewahi kuniuliza langu. Lakini alikuwa amenisikia nikimwambia Kamau mdogo, mtoto wa Kikuyu, au labda nikijisemea mwenyewe siku za jua, na alikuwa ameliweka.

Nililipokea pamoja na kikombe kwa mikono miwili, nikanywa yote.